Presha ya boila inashuka: jaribio lipi uanze nalo, lipi ulipie

Jumapili mshale wa presha ulikuwa kwenye bar 1.5. Alhamisi asubuhi uko 0.4, rejeta za ukutani zimepoa, na kioo cha boila kinaandika F.22 kama ni Vaillant, au F1 kama ni Ideal Logic. Unafungua hozi ya kujazia, mshale unapanda, nyumba inapata joto. Siku nne baadaye umerudi palepale. Ulinganisho huu ni wa mtu anayeishi Uingereza kwenye nyumba yenye boila ya kombi (moja inayopasha rejeta na maji ya bomba pia), anayetaka kujua aanzie wapi kabla ya kumlipa fundi. Kama darini kuna tangi dogo la plastiki linalolisha rejeta, mfumo wako ni wa wazi, hauna presha ya kusoma, na mengi ya hapa hayakuhusu.

Maji ya rejeta yamefungiwa. Si ya kuoga wala ya kunywa, yanazunguka tu kati ya boila na vyumba. Kwa hiyo mshale ukishuka, ama maji yametoka, ama upepo umetoka. Watu hupekua mazulia wiki nzima wakitafuta maji, kumbe kilichopungua ni upepo. Basi kila jaribio hapa chini tunalipima kwa swali moja: linakutofautishia maji na upepo, au linakuacha ulipokuwa?

Upepo upi?

Ndani ya boila kuna tangi la chuma la kutanukia, kwenye kombi nyingi la lita 8 hadi 10. Katikati lina utando wa mpira. Upande mmoja ni maji ya mfumo, upande wa pili ni upepo uliojazwa kwa bar 0.75 hadi 1 kupitia mdomo kama ule wa tairi la gari. Maji yakipata moto hutanuka: mfumo wenye lita 100 huongezeka kama lita 2. Lita hizo huingia kwenye tangi, zinausukuma utando na kuubana upepo. Jioni moto ukizimwa, upepo unazirudisha.

Upepo ukiisha, lita 2 hazina pa kwenda, na maji hayabaniki. Presha inapanda mpaka bar 3, valvu ya usalama inafunguka, na maji ya moto yanatoka nje ya nyumba kupitia bomba la shaba la milimita 15 lililopindwa kuelekea ukutani. Usiku mfumo unapoa, maji yanasinyaa, na mshale unaanguka kwa kiasi kilichomwagwa. Asubuhi unajaza, jioni inamwaga. Ndani ya nyumba hakuna hata tone.

Kuna hesabu moja ambayo hata baadhi ya mafundi huipita. Chukua tangi la lita 8 lenye upepo wa bar 0.75. Ili mshale ushuke kutoka 1.5 hadi 1.0, inabidi yatoke maji kama lita 1.4. Chukua sasa tangi hilohilo likiwa halina upepo: kikombe kimoja cha chai kinatosha kuushusha mshale kiasi hicho, pengine hata pungufu. Ungio linalodondosha tone moja kwa dakika hupoteza kama mililita 70 kwa siku, yaani nusu lita kwa wiki. Kwenye tangi zima utasubiri karibu wiki tatu kuona nusu bar imepotea. Kwenye tangi lililokufa ni siku mbili tatu. Mshale unaoanguka haraka, kwa hiyo, si ushahidi wa mvujo mkubwa. Mara nyingi unakwambia tangi halina upepo, na mvujo, kama upo, ni mdogo.

Majaribio matano ubavu kwa ubavu

| Jaribio | Unachohitaji | Muda | Linajibu nini | Lisichokiona |
|---|---|---|---|---|
| Kusoma mshale baridi na moto | Kalamu | Siku 1 | Tangi lina upepo au halina | Mvujo mdogo |
| Mfuko kwenye bomba la nje | Mfuko mwembamba, ukanda wa mpira | Siku 1 au 2 | Valvu ya usalama inatema au la | Sababu ya kutema |
| Kufunga valvu mbili | Bisibisi pana | Usiku 1 | Tatizo liko kwenye boila au kwenye mabomba | Mvujo unaotokea mfumo ukiwa moto tu |
| Tishu kwenye maungio | Tishu, tochi | Saa 1 | Mvujo unaofikika kwa mkono | Chini ya sakafu |
| Mtaalamu wa vifaa | Pesa | Nusu siku au zaidi | Mahali hasa chini ya sakafu | Upepo |

Kusoma mshale: anza hapa

Ni bure, na watu hulikosea kwa namna moja: hulinganisha namba ya moto na ya baridi. Bar 1.9 saa mbili usiku na 1.3 saa kumi na mbili asubuhi si hasara, ni maji yaliyopoa. Linganisha asubuhi na asubuhi, kabla moto haujawaka.

Kisha washa rejeta zote na utazame. Ukianza na 1.2 baridi, kwenye nyumba ya kawaida mshale utaishia kati ya 1.6 na 2.2. Huo ni upepo unaofanya kazi. Ukiona umetoka 1.2, ukapita 2.5 ndani ya dakika 20 na unaikaribia 3, acha kutafuta maji sakafuni; tatizo ni tangi. Ukipanda hadi 1.8 ukatulia, na bado kila asubuhi unapoteza 0.1, hapo tafuta maji.

Mitego miwili. Kwanza, nyumba iliyoongezwa vyumba. Tangi zima la lita 8 linabeba vizuri mfumo wa lita 100, lakini wa lita 150 utafika bar 3 hata upepo ukiwa sawa, kwa sababu sasa ni lita 3 zinazotafuta nafasi. Hapo hakuna kilichoharibika, tangi ni dogo tu. Pili, kipimo chenyewe huganda. Fungua kidogo kijiskrubu cha kutolea hewa kwenye rejeta ya ghorofa ya juu: kama kipimo kinasema 1.5 na maji hayatoki kabisa, kipimo kinadanganya. Na kumbuka kila ukitoa hewa kwenye rejeta presha inashuka. Hilo ni la kawaida. Jaza mara moja, kisha anza kuhesabu upya.

Mfuko kwenye bomba la nje

Funga mfuko mwembamba wa plastiki kwenye mdomo wa lile bomba la shaba, kwa ukanda wa mpira uliolegea kiasi kwamba mfuko unaweza kuchomoka wenyewe. Usizibe bomba kwa gundi wala kizibo, ile ni njia ya usalama. Usiweke mkono chini yake mfumo ukiwa moto, maji yake yanaunguza.

Ukikuta maji, valvu ya usalama inatema. Linganisha na mshale. Kama ulipanda karibu na 3, valvu inafanya kazi yake na mkosaji ni tangi. Kama haujawahi kuvuka 2 na bado mfuko una maji, valvu yenyewe haifungi tena: ikishafunguka mara moja, chembe za kutu hukwama kwenye kiti chake. Ndiyo maana fundi anayejaza upepo bila kuigusa valvu huitwa tena baada ya siku chache. Na fundi anayebadilisha valvu bila kupima upepo huitwa tena pia.

Kuna sababu ya tatu, na ni ya kuudhi kwa sababu ni ya sekunde mbili: hozi ya kujazia haijafungwa vizuri. Maji ya mtaa yanaendelea kuingia polepole, presha inapanda hata moto ukiwa umezimwa, valvu inatema. Hozi hiyo inapaswa kutenganishwa ukishajaza. Ukiiacha imeungwa, hakikisha valvu zote mbili za ncha zimefungwa.

Udhaifu wa jaribio hili ni mahali. Ghorofa ya nne huwezi kulifikia bomba. Angalia basi ukuta wa nje kwa chini: michirizi ya kutu au mwani chini ya bomba hilo inatosha kukwambia.

Ukiwa nje, tazama pia bomba jeupe la plastiki linalotoa maji ya mvuke uliopoa. Hilo hutiririka boila inapowaka. Likiendelea kudondosha saa kadhaa baada ya boila kuzimwa, kuna uwezekano moyo wa boila, kile kibadilisha joto, umetoboka na maji ya rejeta yanapotelea humo. Mvujo wa namna hiyo hutauona mahali pengine popote.

Kufunga valvu mbili

Kama ningeruhusiwa jaribio moja tu, ni hili. Chini ya boila kuna safu ya mabomba. Mawili ya rejeta, la kwenda na la kurudi, kwa kawaida ni ya milimita 22, na kila moja lina valvu yenye mfereji wa bisibisi au kijimkono. Mfereji ukilala sambamba na bomba, valvu iko wazi. Uzungushe robo, imefunga. Bomba la gesi usiliguse. Kama huna uhakika lipi ni lipi, tazama mchoro kwenye kitabu cha boila kabla ya kushika bisibisi.

Mfumo uwe umepoa kabisa. Jaza hadi 1.5, zima boila kwenye swichi ya ukutani, funga valvu zote mbili, andika namba. Boila isiwashwe hata kwa maji ya kuoga mpaka valvu zifunguliwe, kwa hiyo wape habari wenzako wa nyumbani. Mtu akifungua bomba la moto saa tano usiku na boila ikawaka, jaribio limeharibika. Chagua usiku usio na barafu, maana boila iliyozimwa haijilindi na kuganda. Kama kipimo ni cha tarakimu, iwashe asubuhi kwa muda wa kusoma tu, moto na maji ya moto vikiwa vimezimwa kwenye vitufe vyake.

Baada ya saa 8 hadi 12, soma kabla ya kufungua chochote.

Mshale umeshuka ukiwa bado umefunga: hasara iko ndani ya boila. Ni valvu ya usalama, kibadilisha joto, ungio la ndani, au mdomo wa upepo wa tangi unaovuja. Hakuna haja ya kung'oa sakafu.

Mshale haukusogea, lakini ulipofungua valvu ukaanguka ghafla: boila ilishikilia presha yake, mabomba yakapoteza yao. Maji yanatoka kwenye mabomba au rejeta.

Haukusogea, na ulipofungua haukusogea: hasara inatokea mfumo ukiwa moto. Rudi kwenye mfuko na mshale wa moto, hasa tangi.

Kasoro yake ni kwamba valvu za zamani hazifungi kabisa, hivyo presha huvuka taratibu na pande zote mbili zinashuka pamoja. Valvu iliyoganda usiilazimishe. Shingo ikivunjika una mvujo mpya kwenye bomba la milimita 22. Ukishazizungusha, futa shina kwa tishu siku ya pili, kwani zilizokaa miaka bila kuguswa hupenda kuanza kudondosha hapo.

Tishu au mtaalamu?

Haya mawili yanashindania kazi moja, kutafuta maji kwenye mabomba, na tishu hushinda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ungio linalovuja kwenye rejeta moto huwa halina maji ya kuonekana: tone linakauka kabla ya kudondoka. Kinachobaki ni gamba, la kijani kwenye shaba na shaba nyeupe, la kahawia kwenye chuma. Pita rejeta moja moja mfumo ukiwa baridi. Zungushia tishu kavu kwenye shina la valvu, kwenye nati mbili za kila upande, kwenye kijiskrubu cha hewa, kisha pitisha kidole kwenye mshono wa chini wa rejeta. Mshono huo ndipo tope jeusi la kutu hukaa na kula chuma hadi kutoboa kitundu cha ukubwa wa sindano. Shina la valvu linalolia machozi mara nyingi hupona kwa kukaza nati yake ndogo robo mzunguko. Mshono uliotoboka hauponi, badilisha rejeta.

Mtaalamu anakuja na kamera ya joto, vifaa vya kusikiliza, na gesi ya kufuatilia yenye hidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, inayopenya zege na kunaswa juu ya sakafu. Gharama ni mamia ya pauni. Inalipa pale tu jaribio la valvu limethibitisha ni mabomba, tishu haikuona kitu, na sakafu ya chini ni ya zege. Bomba la shaba lililozikwa kwenye saruji bila kufunikwa huliwa kutoka nje, na kupasua sakafu kwa kubahatisha ni ghali kuliko yeye. Kama sakafu ni ya mbao, kwanza inua ubao mmoja karibu na mahali palipochimbwa au kupigwa misumari hivi karibuni. Kabla ya kulipa, soma bima ya nyumba: nyingi zina kipengele kinacholipia kutafuta mvujo na kurudishia sakafu, lakini hutaka kuarifiwa kabla ya kazi.

Dawa ya kuziba mvujo

Chupa kama Fernox F4 zinauzwa kirahisi na zinashawishi. Zinaweza kuziba ungio linalotokwa jasho mahali pasipofikika, na kwa hilo tu zina nafasi. Haziongezi upepo kwenye tangi, hazitengenezi valvu ya usalama, hazizibi rejeta iliyooza. Ukiitia kabla ya kufanya jaribio la valvu unaweza kulipia dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Kuendelea kujaza tu kila wiki ni chaguo pia, na wengi huishi nalo msimu mzima. Bei yake haionekani mara moja. Kila ujazo mpya unaingiza oksijeni na kuipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo rejeta zinazalisha tope, na London na kusini-mashariki, kwenye maji ya chokaa, unaongeza na magamba ndani ya boila. Mara moja kwa miezi kadhaa si neno. Mara moja kwa wiki, tafuta chanzo, na ukimaliza ongeza dawa ya kutu upya.

Kama ni mpangaji, usinunue chochote kati ya hivi. Katika England (na Wales hadi 2022, ilipopata sheria yake), kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba joto na maji ya moto. Mpelekee kwa maandishi namba za asubuhi za siku saba na picha ya mfuko. Fundi atakayetumwa atajua aende wapi moja kwa moja.

Tangi limekufa: kujaza upepo, kubadilisha, au kuongeza la nje?

Gusa mdomo wa upepo kwanza. Bonyeza kijipini cha kati kwa sekunde moja. Kikitoka kifukuto cha hewa, utando ni mzima. Yakitoka maji, umepasuka, na kujaza upepo hakutasaidia. Lakini kwenye boila nyingi mdomo huo uko nyuma ya kifuniko. Kama kifuniko hicho ni sehemu ya kuziba chumba cha moto, kukifungua ni kazi ya fundi aliye kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, peke yake. Mwombe kadi, nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa.

Kujaza ni nafuu na huchukua chini ya saa moja, likifanywa sawasawa: valvu mbili zifungwe, maji ya boila yamwagwe hadi sifuri, na tundu la kumwagia libaki wazi wakati wa kupampu. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukijaza upepo huku maji yakisukuma upande wa pili, geji ya pampu inasoma presha ya maji, unadhani umefika bar 1 kumbe tangi limejaa maji. Pampu ya baiskeli yenye geji inatosha. Fuata namba ya kitabu cha boila, kisha jaza maji hadi 1.2 au 1.5. Likidumu mwaka, vizuri. Likiisha ndani ya wiki chache, mdomo au utando unavuja. Na kama mshale unaruka vilevile mara baada ya kujazwa, kijibomba chembamba cha kwenda kwenye tangi kimezibwa na tope.

Kubadilisha tangi la ndani kunategemea boila ilivyoundwa. Kwenye nyingine linatoka kwa mbele. Kwenye nyingine liko mgongoni, na boila nzima lazima ishushwe ukutani. Ukiambiwa ni la mgongoni, uliza bei ya tangi jekundu la nje, la lita 12 au 18 kwa mfumo mkubwa, linalofungwa kwenye bomba la kurudi. Kazi ni ndogo, na linatibu pia ile nyumba iliyoongezwa rejeta. La zamani huachwa ndani lilivyo. Angalia tu mahali linapoungwa: lisiwe nyuma ya valvu ya kawaida ambayo mtu anaweza kuifunga na kulitenga na boila, maana siku hiyo bar 3 zitarudi.